Silent Running au Soylent Green? Kuchagua filamu ya zamani ya mazingira, na nyingine tatu za akiba

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hollywood ilitoa filamu mbili za kubuni, zikipishana kwa mwaka mmoja tu, zote zikionyesha Dunia iliyomaliza miti yake. Soylent Green ya mwaka 1973 inajulikana hata na watu ambao hawajawahi kuiona, maana kilio cha mwishoni mwake kimegeuka msemo. Silent Running ya mwaka 1972 imebaki mikononi mwa wapenzi wa filamu za anga za juu, na wengi wao huipenda kwa ajili ya roboti zake kuliko msitu wake. Kwa anayetafuta filamu ya zamani ya kuonyesha darasani, kwenye klabu au nyumbani, msimamo wetu ni kwamba aanze na Silent Running, kwa masharti tutakayoyataja. Kando yake tumeweka nyingine tatu, kwa sababu kuna watazamaji ambao hizo mbili za kwanza haziwafai kabisa.

| Filamu | Mwaka | Dakika | Lugha | Inawafaa |
|---|---|---|---|---|
| Silent Running | 1972 | 89 | Kiingereza | miaka 13 na kuendelea |
| Soylent Green | 1973 | 97 | Kiingereza | miaka 16 na kuendelea |
| Dersu Uzala | 1975 | 140 hivi | Kirusi | watu wazima wenye subira |
| Nausicaä of the Valley of the Wind | 1984 | 117 | Kijapani, au sauti ya Kiingereza | miaka 11 na kuendelea |
| FernGully | 1992 | 76 | Kiingereza | miaka 6 na kuendelea |

Umri tulioweka ni pendekezo letu, si daraja rasmi. Daraja rasmi la Silent Running nchini Marekani ni G, yaani watu wa rika zote, na hilo limewaponza wazazi wengi. Ndani yake mtu anauawa mbele ya kamera, wengine wawili wanapelekwa kwenye kifo kwa makusudi, na muuaji ndiye mhusika tunayetakiwa kumpenda. Mtoto wa miaka saba atafurahia roboti kwa nusu saa, kisha atauliza maswali ambayo hukujiandaa kuyajibu.

Hoja mbili zisizofanana

Soylent Green inasema kwamba tukiharibu mazingira tutakufa njaa. Ni hoja ya kweli na ni rahisi kuieleza, kwa kuwa inagusa tumbo. Silent Running imeondoa tumbo kwenye hesabu, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Tazama mazungumzo ya mezani karibu na mwanzo wa filamu. Freeman Lowell, mtaalamu wa mimea anayeigizwa na Bruce Dern, anakula tikiti alilolilima mwenyewe huku wenzake watatu wakila chakula cha kutengenezwa. Wanamkejeli kwa harufu na uchafu wa tunda lake. Anawaka. Huko nyumbani, anasema, kila mahali kuna joto lilelile la nyuzi 75 za Fahrenheit, ambazo ni kama 24 za Selsiasi. Kila kitu ni kilekile na watu wote ni walewale. Jibu wanalompa si la kijinga hata kidogo: magonjwa karibu yamekwisha, umaskini hakuna, kila mtu ana kazi. Filamu haijaribu kuonyesha kwamba wanadanganya. Binadamu wa huko wamefaulu bila msitu. Misitu iliyosalia imewekwa ndani ya makuba ya kioo kwenye vyombo vya anga karibu na sayari ya Zohali, na hakuna anayeihitaji ili aishi. Kisha amri inakuja: makuba yalipuliwe kwa nyuklia, vyombo virudi kwenye kazi za biashara.

Karibu utetezi wote tunaousikia kuhusu miti unategemea faida: mvua, maji, dawa, hewa, udongo usiomomonyoka. Silent Running inakunyang'anya zote hizo na kukuuliza kama bado una la kusema. Ukiionyesha kwa kundi, simamisha mara tu mzozo wa mezani unapoisha. Gawa kundi mara mbili, upande mmoja umjibie Lowell na mwingine uwajibie wenzake, dakika tano kila upande, bila kuruhusu hoja ya mvua wala dawa. Upande wa Lowell hukwama haraka. Uache ukwame, usiwasaidie, halafu endelea na filamu.

Lowell mwenyewe hajibu kwa hoja. Anaua. Kwa mtu aliyezoea filamu za mazingira ambamo mtetezi wa msitu ni malaika na mwenye mashine ni shetani, hili ni jambo gumu kumeza, na kwetu ndilo linaloifanya filamu isizeeke. Sehemu yote inayofuata ni ya mtu mmoja aliyeokoa alichokipenda kwa njia isiyosameheka, akiwa peke yake na roboti ndogo anazozipa majina ya Huey, Dewey na Louie na kuzifundisha kupanda miche na kucheza karata. Dern anaubeba upweke huo usoni karibu bila maneno.

Kosa la mwanga, na namna ya kulitumia

Anayetaka kuiona bila kujua lolote la mbele aruke hadi kichwa kinachofuata.

Kuelekea mwisho mimea inaanza kunyauka, na mtaalamu huyu wa mimea anahangaika muda mrefu kabla ya kugundua kwamba inakosa mwanga kwa sababu chombo kimezidi kwenda mbali na Jua. Watazamaji hulicheka jambo hili, na wana haki. Kosa lenyewe ni kubwa kuliko wanavyodhani. Nguvu ya mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Zohali iko mbali na Jua karibu mara 9.5 ya umbali wa Dunia; zidisha 9.5 kwa 9.5 upate takriban 90. Maana yake, mwanga unaofika Zohali ni sehemu moja ya 90 ya ule tunaoupata hapa, yaani asilimia moja na kidogo. Mimea ya kivulini ingejikongoja. Mboga na miti mikubwa inayoonekana ndani ya makuba ingekuwa imekufa zamani, hata kabla chombo hakijatoroka, labda kama taa zingekuwa zinawaka tangu siku ya kwanza.

Badala ya kulificha kosa hilo, lifanye jaribio. Unahitaji balbu moja tupu isiyo na kifuniko, chumba cha giza, utepe wa kupimia na simu yenye programu ya kupima mwanga. Pima ukiwa mita 1 kutoka kwenye balbu, kisha mita 2, kisha mita 3. Namba ishuke hadi robo, halafu hadi sehemu moja ya tisa. Isiposhuka kiasi hicho, angalia kuta kwanza: kuta nyeupe hurudisha mwanga na kuifanya simu isome zaidi ya inavyopaswa, kwa hiyo tundika kitambaa cheusi nyuma na pembeni mwa balbu. Usitumie tochi. Kioo chake hukusanya mwanga kuwa mwale mmoja, na kwa umbali mdogo namba hazitafuata kanuni. Simu nayo ielekezwe kwenye balbu kwa pembe ileile kila mara, kwani kuiinamisha kidogo tu hubadilisha kipimo.

Ilivyotengenezwa

Mwongozaji Douglas Trumbull alikuwa miongoni mwa waliotengeneza mandhari ya anga ya filamu 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968. Safari ya kwenda Zohali ilikuwa imepangwa iwemo kwenye filamu ile ikashindikana kitaalamu. Pete za Zohali tunazoziona hapa ni deni alilojilipa. Studio ya Universal ilimpa fedha kidogo na uhuru mwingi, katika mpango wake wa kuwaachia waongozaji vijana watengeneze filamu za takriban dola milioni moja. Ndani ya chombo ni manowari halisi ya kubebea ndege, USS Valley Forge, iliyokuwa imestaafishwa na kusubiri kukatwakatwa vyuma huko California. Ndiyo maana korido zile zina uzito, kutu na mibonyeo ambayo seti ya mbao isingeweza kuitoa.

Roboti nazo hazikuendeshwa kwa mota. Ndani yake walikuwamo waigizaji wanne vijana wasio na miguu, wakitembea kwa mikono. Zitazame zinavyosita kabla ya kugeuka, namna moja inavyogonga mguu chini kama mtu anayesubiri kwa wasiwasi. Hazina uso, hazisemi, na mtazamaji huzihurumia kuliko binadamu waliomo.

Kinachowashinda watazamaji wa leo mara nyingi ni nyimbo mbili za Joan Baez. Zinaingia bila kuomba ruhusa, zinasema waziwazi kile ambacho picha imeshasema, na kundi la vijana linaweza kuanza kucheka. Waambie mapema kwamba zipo na kwamba ni za wakati wake: Siku ya Dunia iliadhimishwa kwa mara ya kwanza Aprili 22, 1970, na mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ulifanyika Stockholm Juni 1972, miezi michache baada ya filamu kutoka. Watu walikuwa bado wanatafuta sauti ya kulisemea jambo jipya.

Soylent Green: nguvu yake na mahali inapochechemea

Hii iliongozwa na Richard Fleischer kutokana na riwaya ya Harry Harrison ya mwaka 1966. Ni hadithi ya upelelezi, kwa hiyo inakwenda kasi kuliko Silent Running na haihitaji subira. Tuko New York mwaka 2022, jiji lina watu milioni 40, joto halikatiki mchana wala usiku, watu wamelala kwenye ngazi za majengo, na chakula cha walio wengi ni vipande vya rangi vinavyotengenezwa na kampuni moja. Charlton Heston ni polisi Thorn. Edward G. Robinson, katika filamu yake ya mwisho kabla ya kufariki Januari 1973, ni mzee Sol, anayemfanyia Thorn utafiti vitabuni na kuendesha baiskeli iliyofungwa chumbani ili wapate umeme.

Mandhari ya kuisubiri ni ya chakula. Thorn ameiba nyama, majani ya saladi na matofaa kutoka kwa tajiri aliyeuawa. Sol anapika, wanakula, karibu hawasemi neno. Thorn hajui tofaa linaliwaje, anamwangalia mzee na kumwiga. Dakika hizo chache zinaeleza upotevu wa ardhi yenye rutuba kuliko hotuba yoyote iliyomo kwenye filamu hizi tano. Na tabaka linaonekana vilevile: ndani ya jumba la matajiri kuna sabuni, maji ya moto na jamu ya stroberi inayouzwa dola 150 kopo moja.

Hapo hapo ndipo tunapotofautiana nayo. Filamu inatangaza kwamba kosa ni wingi wa watu, ilhali picha zake zenyewe zinaonyesha kosa la wachache wanaohodhi na kampuni isiyohojiwa. Mwaka 2022 umeshapita. Idadi ya watu duniani ilifika bilioni 8 mwaka huohuo, na jiji la New York halikufika hata milioni 9. Joto la gesi za viwandani, ambalo Thorn na Sol wanalitaja kama jambo la kawaida la maisha yao, ndilo utabiri uliokaribia kweli zaidi. Mwenye darasa la jiografia ana kazi nzuri hapa: wanafunzi waorodheshe utabiri uliomo, kisha watenganishe uliotimia, usiotimia, na uliotimia kwa sababu nyingine.

Tahadhari ni kuhusu wanawake. Ndani ya nyumba za matajiri wanawake wanakodishwa pamoja na chumba na huitwa fanicha. Filamu inakusudia kushutumu, lakini Thorn, shujaa wetu, anautumia utaratibu huohuo bila kusitasita na kamera haimlaumu. Kuna pia mandhari ya kifo cha hiari ambayo ni nzuri mno kisanaa, ikisindikizwa na muziki wa Beethoven na picha za wanyama, mito na maua, na kwa sababu ya uzuri huo inaweza kumuumiza mtu aliyefiwa kwa namna hiyo. Taja mambo haya mawili kabla ya kuwasha projekta.

Ukitaka kitu kingine

Dersu Uzala ya Akira Kurosawa haina mashine wala maangamizi. Ilitengenezwa Muungano wa Sovieti kutokana na kumbukumbu za mvumbuzi Vladimir Arsenyev, kapteni aliyepima ardhi ya Ussuri, mashariki ya mbali ya Urusi, mwanzoni mwa karne ya 20, na ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Dersu ni mwindaji mzee anayewaongoza askari msituni. Wanakuta kibanda kibovu, analitengeneza paa lake, kisha anamwomba kapteni mchele, chumvi na viberiti avifunge na kuviacha pale. Askari wanadhani anapanga kurudi. Anaviacha kwa ajili ya mtu asiyemjua atakayepita baadaye na kukuta njaa. Kama unataka kueleza wajibu kwa kizazi kijacho, hutapata mfano ulio wazi kuliko huo. Kwenye barafu ya Ziwa Khanka, jua likizama na upepo ukipanda, watu wawili wanakata nyasi kwa pupa na kujenga kibanda cha kujiokoa kwa kutumia miguu mitatu ya kifaa cha kupimia ardhi. Usizungumze mandhari hiyo ikiendelea. Tatizo lake ni urefu na nakala. Ilipigwa kwa filamu pana ya milimita 70, na nakala nyingi zinazozunguka zimefifia rangi. Jaribu dakika tano za mwanzo kabla ya kualika watu. Imegawanyika sehemu mbili, basi pumzikeni hapo.

Nausicaä ya Hayao Miyazaki ni katuni, ila si ya kitoto. Msitu wenye sumu umeenea juu ya dunia iliyochafuliwa na vita, na binadamu wanataka kuuchoma. Binti mfalme anaotesha mimea ya msitu huo chini ya ngome kwa siri, akitumia maji na udongo safi kutoka kisima kirefu, na mimea haitoi sumu. Huo ni mtihani wa kisayansi wa kweli: mmea uleule, udongo tofauti, jibu tofauti. Sharti moja tu: hakikisha una nakala ya dakika 117. Mwaka 1985 ilitolewa Marekani kwa jina la Warriors of the Wind ikiwa imekatwa zaidi ya dakika 20, na hoja ya mazingira ndiyo iliyoumia zaidi. Ukiona nakala ina dakika 95 hivi, iache. Sauti za Kiingereza za mwaka 2005 zimewekwa kwenye filamu nzima.

FernGully ni ya watoto, fupi na ya rangi nyingi, na sauti ya Robin Williams kama popo inawashika hata wasiopenda kukaa. Ina udhaifu mmoja wa maana: ubaya wote unabebeshwa Hexxus, pepo la moshi lililofungiwa ndani ya mti, na wakataji miti wanabaki kama watu waliozubaa tu. Mtoto anaweza kuondoka akiamini kwamba msitu hukatwa na zimwi. Muulize baadaye nani aliileta ile mashine, na kwa kazi gani.

Kuandaa chumba

Filamu za zamani huharibiwa na mipangilio ya runinga za leo. Zima kitu kinacholainisha mwendo wa picha. Kinabuni fremu zisizokuwapo na kuifanya filamu ionekane kama tamthilia ya studio, hasa kwenye mandhari ya vyombo vya anga vilivyotengenezwa kwa mifano. Usivute picha ijaze skrini. Soylent Green ni pana sana, uwiano wa karibu 2.35 kwa 1, hivyo kwenye runinga ya kawaida karibu robo ya kimo itabaki nyeusi, juu na chini. Ukiikuza ijae, unakata watu wa pembeni, na humo msongamano wa watu ndio maana yenyewe. Silent Running ni 1.85 kwa 1 na huacha ukanda mwembamba tu.

Sauti za hizo mbili zilirekodiwa kwa chaneli moja. Zima sauti ya kuzunguka chumba na uiweke spika karibu na skrini, la sivyo maneno yatasikika kama yanatoka mgongoni. Kwa Dersu Uzala, au Nausicaä yenye sauti ya Kijapani, kila kitu kinategemea maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha. Ukitumia projekta, pandisha ukingo wa chini wa picha hadi mita 1.2 hivi kutoka sakafuni, juu ya vichwa vya waliokaa mbele. Ikishindikana, waketi kwa safu zilizopishana.

Kama una jioni mbili na kundi la vijana wakubwa, tanguliza Silent Running, na Soylent Green iwe ya pili. Kinyume chake hakifanyi kazi vizuri: wakishaona watu wakifa njaa, hawana nafasi tena ya kuusikiliza ugomvi wa Lowell kuhusu tikiti, wataona ni mtu aliyeshiba anayelalamika. Baada ya hizo mbili waulize kuhusu miti iliyomo. Kwenye Soylent Green nayo kuna miti michache iliyosalia jijini, imefunikwa hema, na wanaoruhusiwa kuingia ni wakubwa. Kwenye Silent Running iko ndani ya kioo, mbali na kila mtu. Na kama una jioni moja tu, na chumbani wamo wadogo na wakubwa pamoja, weka Nausicaä, ile ya dakika 117.